Somo la Barua: Nani Akuandikie?

 

Katika somo lililopita tuliandika barua ya kuomba kazi. Katika barua ile mtu hujisemea mwenyewe. Leo tutazungumza juu ya barua ya namna nyingine, ambayo mtu mwingine huandika juu yako. Huiita barua ya sifa. Mfano wetu watoka mbali, Marekani, kwa vijana wanaoomba kusomea udaktari na utafiti kwa pamoja. Nimeuchagua kwa kuwa huko barua hizi hupimwa sana. Tena huenda mmoja wenu ana mtoto au mpwa anayesoma nchi ile, na siku moja atamwandikia kuomba shauri.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Daktari wa kawaida hutibu mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti hukaa katika maabara akitafuta chanzo cha ugonjwa. Wako watu wanaofanya yote mawili. Madaktari Michael Brown na Joseph Goldstein, wa mji wa Dallas, walishughulika na watu waliorithi ugonjwa wa mafuta mengi mno katika damu. Wakaingia maabara kutafuta sababu, wakaipata, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ili kupata watu wa namna hii, serikali ya Marekani ilianza mwaka 1964 kutoa fedha kwa vyuo vya udaktari. Mwanafunzi hupata shahada mbili, ya udaktari na ya utafiti. Masomo huchukua miaka 8 hivi. Mara nyingi halipi karo, naye hupewa posho ya kuishi. (Fedha hizo za serikali ni za raia na wenye ruhusa ya kukaa huko daima. Kijana wa kigeni lazima aulize mapema ni chuo gani kina fedha zake chenyewe za kumsaidia mgeni.)

Sasa jiwekeni mahali pa wale wanaochagua. Watamlisha na kumsomesha kijana miaka 8. Alama zake za mtihani wanazo. Lakini alama hazisemi kama kijana atavumilia majaribio yakikataa mwaka mzima. Anayeweza kusema hayo ni yule aliyemwona akifanya kazi.

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Kijana amefanya kazi miaka miwili katika maabara, akifundishwa kila siku na mtafiti asiyejulikana. Pia aliwahi kusoma darasa la watu 200 kwa profesa maarufu sana. Anawaza: jina kubwa litanifungulia mlango. Anamwendea profesa. Profesa ni mtu mwema, anakubali. Lakini ataandika nini? Sikilizeni mfano nilioutunga:

“Kijana huyu alisoma darasa langu. Alipata alama ya juu. Ni mwenye adabu na bidii.”

Basi. Maneno hayo yaweza kusemwa juu ya vijana elfu moja. Sikilizeni sasa mfano wa pili, wa yule mtafiti:

“Kwa miezi mitatu seli alizokuwa akizikuza zilikufa. Hakukata tamaa wala hakunificha. Alipima joto la kabati, akabadilisha maji, akajaribu upya. Mwishowe aligundua kuwa kosa lilikuwa katika kipimo chake mwenyewe, akaja kuniambia.”

Mwalimu, simamisha darasa hapa kidogo. Waulize wanafunzi: ni kijana yupi wanayemjua sasa?

Wengine watasema, lakini yule mtafiti ni mdogo, mkubwa wake ndiye mwenye maabara. Ni kweli, na barua ya mkuu wa maabara yatakiwa. Dawa yake ni nyepesi: yule mdogo aliyeona kazi aandike habari, na mkuu aongeze maoni yake, kisha watie sahihi wote wawili.

Jambo jingine ni kubwa zaidi. Kijana akiwa amefanya utafiti wa maana katika maabara tatu, yafaa wakuu wote watatu waandike. Vyuo vingi hudai hivyo. Katika fomu ya maombi huandika habari za kila utafiti alioufanya, na wachaguzi hulinganisha fomu na barua. Wakikuta maabara moja imenyamaza, huuliza: kulikuwa na nini huko? Kama kulikuwa na ugomvi, kijana asijifanye kwamba hakufanya kazi pale. Amtafute mtu mwingine wa maabara ile aliyemwona, na aulizwapo aeleze kwa maneno machache yaliyo kweli.

Baada ya barua za utafiti huja nyingine: mwalimu wa sayansi aliyemfundisha, na daktari aliyemwona karibu na wagonjwa. Vyuo vingine vina kamati inayoandika barua moja kwa niaba ya walimu. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi hupokea barua zisizozidi 10, lakini kumi si lazima. Barua baridi huzipunguzia nguvu zile zenye moto.

Barua haipiti mkononi mwa kijana. Mwandishi huipeleka mwenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 yampa mwanafunzi haki ya kuona barua kama hizi, lakini aweza kutia sahihi kuiacha haki hiyo. Wengi huiacha, maana msomaji huamini zaidi barua iliyoandikwa bila woga.

Kwa hiyo kuuliza kuna namna yake. Kijana asiseme tu, “Niandikie barua.” Aseme, “Bwana, je, unanijua vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?” Kisha asikilize vizuri. Mtu akisitasita, au akisema ana kazi nyingi, amekwisha jibu. Kijana amshukuru, aende kwa mwingine. Akikubali, ampe miezi miwili hivi, pamoja na karatasi ya kumkumbusha kazi walizofanya.

Zoezi la wiki hii: andika majina ya watu watatu waliokuona ukifanya kazi. Mbele ya kila jina andika sentensi moja ya jambo aliloliona kwa macho yake. Ukikosa la kuandika mbele ya jina, lifute, utafute jingine.

Kwaherini, mpaka Jumanne.