Sindano ya Kila Wiki Nne: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwenye Mahafali ya Wauguzi na Maafisa Tabibu



 Nimeombwa nizungumze juu ya kutibu moyo, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nitaishika ile sehemu inayowahusu ninyi wahitimu mnaokwenda zahanati na vituo vya afya. Vijana wengi tunaowapeleka kupasuliwa moyo wangeweza kuokolewa kule kule kijijini, na muuguzi, kwa sindano ya bei ndogo inayochomwa kila wiki nne. Hilo ndilo lililonileta.

Wazazi wengi waliopo hapa si watu wa tiba, kwa hiyo mniruhusu nianze na moyo wenyewe. Ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenye nao, na ndani umegawanyika vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, kuanzia ubongo hadi kidole cha mwisho cha mguu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika na kusukuma lita 5 hivi, yaani karibu damu yake yote, kila dakika. Kwa siku moja hayo ni mapigo 100,000.

Njia hiyo ya damu ilichukua karne nyingi kueleweka. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walishika fundisho la Galen kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu vilivyomo katika ukuta wa kati wa moyo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu aliyesomea Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta ule hauna tundu, na kwamba damu haina njia nyingine ila ipite mapafuni. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akalikamilisha jambo kwa hesabu. Alionyesha kwamba damu inayotoka moyoni kwa nusu saa ni nyingi kuliko iliyomo mwilini, kwa hiyo lazima iwe ni ile ile inayozunguka. Harvey hakuwa na mashine. Alikuwa na vidole, kamba ya kufungia mkono, na subira ya kuhesabu. Zahanati mtakazopangiwa nyingi hazina mashine pia, lakini vidole na subira mnavyo, na mkivitumia vizuri mtagundua mengi.

Sasa tuangalie jambo dogo zaidi. Ili damu iende mbele isirudi nyuma, moyo una valvu nne. Mojawapo iko kati ya vyumba viwili vya kushoto, tunaiita valvu ya mitrali. Ina vipande viwili vyembamba, vyeupe, vinavyoteleza. Kingo zake zimeshikwa na nyuzi imara zinazoshuka hadi kwenye misuli ya ukuta wa moyo, kama tanga la dau lililofungwa kamba ili upepo ulijaze lakini usiligeuze. Valvu hiyo ikifunguka kwa mtu mzima mwenye afya, tundu lake lina sentimita za mraba 4 hadi 6, na damu hupita bila kizuizi.

Nimewahi kuishika valvu kama hiyo ikiwa imetolewa kwenye kifua cha msichana wa sekondari. Ilikuwa nene na ngumu. Nyuzi zilikuwa zimeshikana zikawa kishina kimoja kifupi, kingo zimegandana, na pale palipokuwa mlango palibaki ufa ambao kalamu ingepita kwa shida. Kabla ya upasuaji msichana huyo alikuwa halali chali. Alilala ameketi, mito imepangwa mgongoni, kwa sababu kila alipojinyoosha alihisi anazama. Damu ilikuwa imezuiliwa pale mlangoni, inarudi kujaa mapafuni.

Ugonjwa huo ulianzia kooni. Kuna bakteria wanaoitwa streptokokasi wa kundi A, ambao huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15 na kuwaletea mafindofindo. Mtoto analalamika koo, anapata homa, anashindwa kumeza, na baada ya siku chache anarudi kucheza. Mama anashukuru. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyotengenezwa ili kuwaua bakteria wale huishambulia pia valvu ya moyo, kwa kuwa sehemu fulani za bakteria na za valvu zimefanana. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, inakuja homa ya baridi yabisi. Goti linavimba na kuuma, kesho goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma, keshokutwa kiwiko. Nyumbani wanasema mtoto anakua, au amecheza mpira mno. Wengine, tena baada ya miezi kadhaa, huanza kurusharusha mikono bila kukusudia. Mtoto anaangusha kikombe, mwandiko wake unaharibika, uso unachezacheza. Mwalimu anamchapa kwa utundu, au wazazi wanampeleka kutolewa mapepo. Wanangu, mkiletewa mtoto wa namna hiyo, kabla ya yote weka stetoskopu kifuani pake.

Kila mara koo linaporudi kuugua, valvu huumia tena na kovu huongezeka. Hapo ndipo tunapopoteza watoto, kwa sababu kati ya kovu la kwanza na siku mgonjwa anapoanza kuhema inaweza kupita miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna kinachouma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 duniani wana ugonjwa huu wa valvu, na kwamba unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka. Ulaya na Marekani ulianza kupungua hata kabla ya penisilini kupatikana, pale watu walipoacha kulala wamesongamana kwenye chumba kimoja. Hivyo mnapoona watoto sita wanalala kitanda kimoja na mmoja anaumwa koo, hilo nalo ni jambo la moyo.

Mwanamke ndiye anayeumia zaidi. Msichana mwenye valvu iliyoziba nusu anaweza kulima, kuchota maji na kuolewa bila kujua. Akishika mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu na moyo hupiga haraka zaidi. Damu nyingi, mlango mdogo, muda mfupi wa kupita. Kufikia mwezi wa saba anahema akipanda ngazi mbili, usiku anaamka kukaa dirishani atafute hewa, anakohoa makohozi yenye damu. Anaambiwa ni mimba tu. Anaambiwa ana upungufu wa damu, pumu, au kifua kikuu. Nimewapokea wanawake waliomaliza miezi ya dawa za kifua kikuu ambacho hawakuwa nacho. Nimewapokea watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kilichotoka moyoni. Mama mjamzito anayeshindwa kulala chali, mpime presha, hesabu mapigo na pumzi kwa dakika nzima, kisha mlaze kidogo kwa upande wake wa kushoto na usikilize chini ya titi la kushoto. Ukisikia ngurumo nzito baina ya mapigo, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Usimwambie arudi kliniki ijayo.

Na wapo ambao hugundulika kwa kiharusi. Chumba cha juu cha kushoto kikishapanuka kwa kuzuiliwa damu, mapigo yake huvurugika, damu inatuama humo na kuganda, kisha bonge linaruka hadi kwenye ubongo. Mkimwona kijana wa miaka 25 amepooza upande mmoja, msikubali kuambiwa amerogwa, wala ninyi msiishie kupima presha peke yake.

Nilitaja sindano. Ni benzathini penisilini, dawa ya zamani. Kwa mtoto mwenye mafindofindo ya bakteria, ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi isitokee. Siyo kila koo linahitaji penisilini. Mengi husababishwa na virusi. Mtoto mwenye mafua na kikohozi, bila usaha kooni, mara nyingi atapona mwenyewe. Mwenye homa, usaha kwenye tezi za koo na vivimbe vinavyouma shingoni, bila kikohozi, huyo mtibuni. Na kwa mtoto ambaye homa ya baridi yabisi imeshampata, sindano hiyo hiyo kila wiki 3 au 4 huzuia koo lisiambukizwe tena. Ataendelea nayo kwa miaka mingi, na akiwa na valvu iliyoharibika, angalau miaka 10 au mpaka afike umri wa miaka 40.

Ushahidi tunao, na unatoka kwa jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda watafiti waliwapima watoto wa shule kwa ultrasaundi ya moyo na kuwapata 818, wa miaka 5 hadi 17, wenye dalili za mwanzo kabisa ambazo mtoto mwenyewe hazihisi. Nusu walichomwa sindano kila wiki 4 kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa na kufuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3 tu katika 399. Kati ya wasiochomwa waliofuatiliwa hadi mwisho, ulisonga mbele kwa 33 katika 400. Nilipoyasoma nilifurahi na kuhuzunika kwa pamoja, nikiwakumbuka niliowazika.

Sasa niongee na mikono yenu. Sindano hii inauma sana, dawa yake ni nzito, na mtoto akiumizwa leo hatarudi mwezi ujao. Toa kichupa kwenye jokofu mapema, ukipashe joto kwa viganja. Ingiza dawa taratibu, kwa dakika mbili au tatu, huku ukizungumza naye. Pale mwongozo unaporuhusu, changanya na dawa ya ganzi. Uliza kila mara kama penisilini imewahi kumdhuru, na uwe na adrenalini karibu. Hakikisha amekula na kunywa maji, mchome akiwa amelala, na asiondoke mara moja. Na mgonjwa ambaye moyo wake umeshachoka sana, anayehema akiwa amekaa, muulize daktari kwanza. Kwa huyo vidonge vinaweza kuwa salama zaidi. Halafu andika tarehe ijayo kwenye kadi na kwenye daftari lako mwenyewe, pamoja na namba ya simu ya nyumbani. Tarehe ikipita na mtoto hajaja, piga simu. Daftari hilo lina thamani kuliko mashine nyingi nilizowahi kuomba zinunuliwe.

Upasuaji upo, na najivunia tulipofika. Zamani mgonjwa wa valvu alisubiri safari ya India, na wengi walifariki wakisubiri. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015 katika Hospitali ya Muhimbili, wengi wanatibiwa hapa hapa nchini. Lakini aliyewekewa valvu ya chuma anarudi kijijini kwenu akiwa na dawa ya kuzuia damu isigande, wafarini, ya maisha yake yote, na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, valvu itaziba. Hata mchicha, kisamvu na matembele huingilia kazi ya dawa hiyo kwa sababu ya vitamini K iliyomo. Msimkataze mboga, mwambieni ale kiasi kile kile kila wiki. Na akiwa msichana, mzungumze naye mapema juu ya uzazi, kwani wafarini humdhuru mtoto tumboni. Msimwache agundue hayo akiwa mjamzito.

Najua presha na kuziba kwa mishipa ya moyo vinaua watu wazima wengi zaidi ya ugonjwa niliouzungumza. Pimeni presha ya kila mtu mzima anayeingia mlangoni, hata aliyekuja na kidonda cha mguu, na ikifika 140 kwa 90 mwiteni apimwe tena. Hayo mmefundishwa vizuri. Mimi nimechagua kuwasemea watoto, ambao ugonjwa wao hauna msemaji.

Katika risala yenu mmeeleza upungufu wa vifaa vya mafunzo kwa vitendo, na mmeomba kompyuta za maktaba. Ombi la kompyuta naliwasilisha kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye nimemwona akiandika. Kwa upande wangu, mimi na wenzangu tuliostaafu tutaleta stetoskopu 30 kabla ya muhula mpya kuanza, na niko tayari kuja siku moja kila mwezi kufundisha wodini namna ya kusikiliza moyo wa mtoto. Mkuu wa Chuo anipangie siku.

Baada ya kusema hayo, nawapongeza wahitimu wote na wazazi wenu waliowasomesha, na sasa niko tayari kuwakabidhi vyeti.