Baka Lisilowasha



Leo tuzungumze juu ya ngozi. Huku kwetu Uluguru, mtu akiona doa mwilini husema, "Ni mba tu." Mimi pia nilisema hivyo. Mzee mmoja wa darasa langu alinionyesha baka mkononi. Akauliza, "Mwalimu, hili ni nini?" Nikamjibu haraka, "Ni mba, mzee. Paka dawa."

Mwaka uliofuata mzee huyo alishika sufuria ya moto. Hakusikia chochote, kumbe vidole vinaungua. Haikuwa mba. Ulikuwa ukoma. Alitibiwa akapona, lakini vidole viwili havinyooki tena. Basi tujifunze kutofautisha.

Kwanza, mba. Huletwa na fangasi, yaani ukungu mdogo usioonekana kwa macho. Ukungu huo huishi katika ngozi zetu sote. Joto na jasho vikizidi, kama kule Matombo, humea na kuacha madoa yaliyopauka yenye magamba laini.

Pili, choa. Nacho ni fangasi. Huwa duara lenye ukingo ulioinuka, na huwasha.

Tatu, upele. Mdudu mdogo sana huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni. Kule Mgeta kwenye baridi, watoto hulala wamebanana katika blanketi moja. Mmoja akiwa nao, wote watajikuna. Kwa hiyo watu wote wa nyumba watibiwe siku moja. Nguo na matandiko yafuliwe, yaanikwe juani.

Nne, balanga. Ngozi hupoteza rangi ikawa nyeupe kabisa. Haiambukizi, wala si laana. Ukiigusa, mwenyewe anasikia.

Tano, ukoma. Baka lake limepauka au lina wekundu. Haliwashi, haliumi. Ndiyo maana watu hulipuuza. Ukoma si uchawi, wala haurithiwi. Huletwa na vijidudu, ambavyo daktari wa Norwei, Armauer Hansen, aliviona mwaka 1873. Hupita kwa pumzi ya mgonjwa asiyetibiwa, mkiishi naye karibu kwa muda mrefu. Dalili huweza kuchukua miaka 5, pengine hata 20, kabla ya kuonekana.

Mnaweza kupima hivi: mwenye baka afumbe macho. Mguse bakani kwa ncha ya pamba, taratibu. Aonyeshe kwa kidole pale alipoguswa. Akishindwa, aende zahanati mapema, asingoje. Hata akiweza, kama baka haliponi kwa dawa, aende vilevile.

Dawa ya ukoma ni bure. Hunywewa miezi 6 au 12, na mtu hupona. Akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Basi msimfukuze. Ale nanyi, alale nyumbani kwake. Lakini mishipa ya fahamu ikishakufa, dawa hairudishi vidole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mzee wangu bado anakuja darasani. Kalamu anaishika kwa vidole vitatu, na jina lake analiandika vizuri.

Jioni ya leo jitazameni mwili mzima. Mgongo wako huwezi kuuona. Mwombe mwenzako akutazame, nawe umtazame wake.