Marko Alirudi Kazini

Tunao vijana hapa Bukavu walioshindwa masomo chuo kikuu, na sasa wanatamani kuingia ISTM wasomee uuguzi. Pointi zao za zamani ni ndogo. Yohane Marko naye aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, kule Pamfilia. Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba akaenda naye, na baadaye Paulo mwenyewe akamwita, kwani alimfaa kazini.

Basi sisi wazazi tuwe Barnaba. Tusiwanunulie pointi: atakayelipa ni mgonjwa atakayepewa dawa kwa kipimo kibaya. Tuwape muda wa kurudilia biolojia na hesabu. Nanyi vijana, pelekeni karatasi zenu jinsi zilivyo. Marko hakuifuta safari ile, alifanya nyingine. Amina.