Akiba ya Kompyuta Huoza



Mnamo mwezi Julai mwaka 2020, wamiliki wa maelfu ya hifadhidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti walikuta taarifa zao zimefutwa. Mshambuliaji hakudai fedha. Aliacha tu majina ya ovyo yanayoishia na neno "meow", yaani mlio wa paka kwa Kiingereza. Miongoni mwa zilizoathirika zilikuwamo hifadhidata za Elasticsearch, programu iliyotolewa mwaka 2010, yenye uwezo wa kutafuta neno katika mamilioni ya nyaraka kwa kufumba na kufumbua.

Programu hiyo huendeshwa na kundi la seva. Faharasa hugawanywa vipande, na kila kipande kinaweza kuwekewa nakala katika seva nyingine, ili moja ikiharibika nyingine ishike zamu. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Nakala hizo ni kinga dhidi ya kuharibika kwa mashine, si dhidi ya amri ya kufuta, kwani amri hiyo huzifikia zote.

Akiba ya kweli huwekwa nje ya kundi. Mfumo wenyewe huagizwa kupiga taswira ya hali yake: mara ya kwanza hunakili kila kitu, na baadaye yale mapya tu. Kunakili mafaili ya diski kwa mkono hakutoshi, kwani yanaweza kukataa kufunguka.

Kurejesha nako kuna masharti. Faharasa iliyo wazi hairejeshewi taarifa juu yake. Sharti ifungwe au ifutwe, ama ile inayorejeshwa ipewe jina jingine. Taswira ya toleo jipya la programu haikubaliki katika toleo la zamani. Aidha, mipangilio ya kudumu ya kundi yaweza kuingia katika taswira, lakini mafaili ya mipangilio ya kila seva hayamo. Asiyeyahifadhi kando hurejeshewa nyumba bila funguo.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ya kompyuta huoza kimyakimya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa takriban gigabaiti 300 za hifadhidata ya aina nyingine. Njia za akiba zilikuwapo kadhaa. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za tahadhari hazikuwafikia wahusika. Kilichookoa jahazi ni nakala ya saa 6 kabla, iliyochukuliwa kwa ajili ya majaribio tu.

Kwa hiyo msimamizi makini hangoji msiba. Kila baada ya muda hurejesha taswira katika kundi la majaribio, huhesabu nyaraka, hutafuta maneno machache, na huandika muda uliotumika.