Swichi Inayosikia Makofi: Yamfaa Nini Mgonjwa Aliye Nyumbani?

(Mazungumzo na walezi wa wagonjwa na wa watu wenye ulemavu, katika ukumbi wa parokia)



Nimeombwa niongee juu ya swichi za stima zinazowashwa kwa sauti. Wengi wenu mmeziona: mtu anapiga makofi mawili, taa inawaka, watoto wanacheka. Ni kweli inachekesha. Lakini mimi namfikiria yule anayelala kitandani tangu jioni hadi asubuhi, na swichi iko ukutani karibu na mlango, hatua nne tu. Kwake hatua nne hizo ni kama kwenda Lodwar kwa miguu.

Katika kuzuru nyumba nimeona kwamba kinachomwumiza mgonjwa wa kiharusi si ugonjwa peke yake. Ni kuita. Anaita mjukuu aje awashe taa, anaita tena aje azime, anaita redio ipunguzwe. Mara ya tatu mjukuu anakuja na uso umekunjwa. Mara ya nne mzee haiti tena. Anakaa gizani, na ukimwuliza anasema ati hapendi mwanga. Jameni, nani hapendi mwanga?

Sasa, kifaa hiki si kipya kama watu wanavyodhani. Miaka ya 1920 huko Marekani kulikuwa na mwanasesere wa mbwa aliyeitwa Radio Rex. Ukiita "Rex!" alichomoka kibandani. Hakuwa na akili yoyote: sumaku ya umeme ilikuwa imemshikilia, sauti ilikata umeme kwa nukta moja, na springi ikamsukuma nje. Baadaye, katika miaka ya 1980, kampuni ya Joseph Enterprises ya San Francisco ilianza kuuza swichi ya makofi iliyoitwa The Clapper, na mwezi wa Februari 1996 Carlile Stevens na Dale Reamer walipewa hataza yake. Ilikuwa na soketi mbili: makofi mawili kwa chombo cha kwanza, matatu kwa cha pili. Katika tangazo lake la televisheni, aliyekumbukwa na watu ni mama mzee kitandani akipiga makofi. Waliotangaza walijua kinamfaa nani.

Hebu tuangalie ndani yake, kwa sababu mtu hatumii vizuri kitu asichokielewa. Kuna maikrofoni ndogo kama punje ya mahindi. Inageuza sauti kuwa umeme dhaifu sana, kisha sakiti inaukuza umeme huo. Halafu sakiti inahesabu: je, nimesikia milio miwili mikali, mifupi, inayofuatana upesi? Kama ni mmoja tu, inanyamaza. Kama ni miwili, inageuza hali, kama kalamu ile ya kubonyeza: ukibonyeza mara moja ncha inatoka, ukibonyeza tena inarudi. Mwisho kuna rilei, yaani sumaku inayovuta kipande cha chuma na kuunganisha waya wa taa. Ule mlio wa "tik" mnaousikia ndiyo rilei.

Kwa hiyo kifaa hiki hakielewi maneno. Kusema "washa" ni kazi bure. Vile vipaza sauti vinavyoelewa maneno, kama Amazon Echo iliyotoka mwaka 2014, ni kitu kingine, navyo vinahitaji intaneti. Hiki cha makofi hakihitaji intaneti wala simu, na hakipeleki maneno ya nyumba yako popote. Mimi naona hiyo ni faida, hasa kwa nyumba zetu.

Lakini sasa tuje kwenye shida. Mtu wa kiharusi mara nyingi amepooza upande mmoja. Atapigaje makofi kwa mkono mmoja? Hapa ndipo watu wengi hununua bila kufikiri. Jibu ni kwamba mashine haijui makofi, inajua mlio mkali na mfupi. Vifaa vingi vitakubali ukigonga meza mara mbili kwa kijiti, au kijiko kwenye kikombe cha bati. Wengine hutumia ulimi. Kwa hiyo mnapokwenda dukani, msijaribu kwa makofi yenu nyinyi wenye mikono miwili. Jaribuni kwa namna mgonjwa wenu atakavyofanya, mkiwa umbali ule ule wa kitanda na taa. Chagueni kile chenye kidude cha kuongeza au kupunguza usikivu. Na kama mikono yake hutetemeka asiweze kugonga kwa mpango, swichi kubwa ya kubonyeza iliyofungwa kando ya kitanda ni bora na ni rahisi. Si lazima kila shida itibiwe kwa kitu cha ajabu.

Kelele nayo ni jambo. Mlango ukibamizwa mara mbili, mbwa akibweka, au televisheni ikionyesha mkutano watu wakishangilia, taa inaweza kuwaka au kuzimika yenyewe. Mvua kubwa juu ya mabati inafanya kinyume: inafunika makofi, na mashine haisikii kitu.

Ndiyo maana nasema kwa nguvu: pasi, heta, jiko la stima na koili ya kuchemsha maji, hapana! Fikiri pasi imeachwa juu ya nguo, mtoto anapiga makofi mbele ya televisheni, nawe uko shambani. Zaidi ya hatari hiyo, vyombo hivi vinakula stima nyingi. Pasi ya wati 1,200 kwenye volti 240 huvuta ampea 5, na swichi nyingine ndogo hazikuundwa kubeba mzigo huo. Someni wati zilizoandikwa juu yake. Na mashine ya oksijeni ya mgonjwa isiunganishwe hapo kamwe, maana mlio wa bahati mbaya unaweza kuizima. Taa, redio, feni ndogo, hivyo vyatosha.

Jambo lingine: wenye jamaa Marekani, mkiletewa zawadi ya namna hii, angalieni kwanza. Stima ya huko ni volti 120, yetu ni 240. Kilichotengenezwa kwa 120 peke yake kitaungua, pengine na moshi juu. Tafuta kilichoandikwa 220 hadi 240. Wenye sola ya volti 12 wanahitaji cha volti 12.

Kama ni kile cha kuchomeka kwenye soketi, unaweza kukiweka mwenyewe. Kama kinaingia ndani ya waya za ukuta, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, azime swichi kuu, na akate waya wa moto, si ule mwingine. Vijana wetu wa shule huunda sakiti za makofi kwa betri ya volti 9, na nawapongeza, lakini upande wa volti 240 waachieni fundi.

Kisha wafundisheni watu wa nyumbani. Mtu akizima soketi ukutani kwa mazoea, mgonjwa atagonga hadi achoke. Bandikeni karatasi juu ya soketi hiyo: "Usizime." Msiogope bili. Kifaa kikitumia wati 1 usiku na mchana, mwaka mzima hakifikishi yuniti 9.

Nisiwasahau akina mama viziwi. Kwao kazi inageuka: mtoto analia, kifaa kinasikia, taa inawakawaka au kidude kilicho chini ya mto kinatetemeka, mama anaamka. Viko hivyo, vinatengenezwa kwa kazi hiyo. Mama anayelala na mkono juu ya kifua cha mtoto usiku kucha, kwa hofu ya kutosikia, ana haki ya kulala. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Ambaye hajasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, aje tuandike barua pamoja.

Kuna mama ameuliza: stima ikipotea usiku, je? Ikipotea, makofi hayasaidii. Inaporudi, vifaa vingine hukaa vikiwa vimezima, vingine huwaka vyenyewe, kwa hiyo jaribuni siku ya kwanza kwa kuzima na kuwasha soketi. Na tochi ikae kwenye kamba, pale mkono wake mzima unapofika.