Betri Moja, Vifaa Vingi: Kosa Lililotufundisha Kuchagua Volti kwa Usalama

(Mada iliyotolewa katika semina ya mafundi wa sola na wahudumu wa zahanati)



Tumeombwa kueleza juu ya kisanduku cha kuchagua volti tunachotengeneza katika karakana yetu. Tutaeleza kinavyofanya kazi, na tutaeleza pia kosa tulilolifanya, maana mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Hali ya zahanati za vijijini mnaifahamu. Ipo paneli ya sola na betri ya volti 12, lakini vifaa havifanani. Simu inataka volti 5, mashine ya kupimia shinikizo la damu volti 6, redio moja volti 3 na nyingine 9.

Zamani tulitumia vidhibiti volti vya kawaida, kama 7805 na LM317. Ni rahisi kuviunga, ila vinakula betri. Kifaa kikihitaji ampea 1 kwa volti 5, yaani wati 5, kidhibiti cha namna hii huvuta ampea 1 hiyo hiyo kutoka kwenye betri ya volti 12, yaani wati 12. Wati 7 zinakuwa joto tu. Joto hilo ni umeme ambao usiku ungewasha taa ya chumba cha kujifungulia.

Ndiyo sababu tulihamia kwenye aisii ya LM2576, ile ya ADJ ambayo volti zake hurekebishwa. Yenyewe hukata na kuunganisha umeme mara 52,000 hivi kwa sekunde. Inapounganisha, koili ya mikrohenri 100 hujaza akiba. Inapokata, koili hutoa akiba hiyo kupitia dayodi ya 1N5822, na kapasita ya mikrofaradi 1000 husawazisha. Kwa wati 5 zile zile, betri sasa hutoa kama wati 6 na nusu.

Je, volti huchaguliwaje? Aisii ina mguu wa kupimia, nayo huongeza au kupunguza umeme mpaka mguu huo uone volti 1.23. Rezista mbili ndizo zinazougawia kipimo. Rezista ya juu hutoka kwenye njia ya kutolea umeme hadi kwenye mguu, na ya chini hutoka kwenye mguu hadi hasi. Ukibadilisha mojawapo, volti zinazotoka hubadilika.

Katika kisanduku chetu cha kwanza, swichi ya kuzungusha ilibadilisha rezista ya juu. Hesabu zilikuwa sahihi, na mita ilisoma vizuri katika kila namba. Tukaridhika, tukakipeleka zahanati.

Hatukupima kilichotokea kati ya namba na namba. Swichi nyingi za namna hii huachia kwanza ndipo zishike tena. Kwa kitambo hicho kifupi mguu wa kupimia ulibaki umeungwa kwenye hasi peke yake, ukasoma sifuri. Aisii ikadhani hakuna umeme unaotoka, ikafungulia wote. Volti zikapanda kuelekea zile za betri.

Muuguzi alikuwa amemaliza kuchaji simu. Akachomeka mashine ya kupimia shinikizo la damu, akazungusha swichi kutoka 5 kwenda 6. Mashine ikazima, isiwake tena. Wiki ile ilikuwa ya kliniki ya wajawazito, na shinikizo la damu ni mojawapo ya dalili za kwanza za hatari ya kifafa cha mimba. Aliyejua kutumia mashine ya zamani ya kupampu kwa mkono alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo akina mama walisubiri foleni hadi jioni. Tulipofika alituuliza, "Nimekosea wapi?" Hakukosea. Tuliokosea ni sisi, na mashine nyingine tuliilipia sisi.

Marekebisho yalikuwa madogo. Sasa rezista ya juu ni moja tu, kilo-omu 10, imelehemiwa kwenye ubao karibu na mguu wa kupimia na mbali na koili. Swichi inachagua zile za chini: kilo-omu 6.8 kwa volti 3, kilo-omu 3.3 kwa volti 5, kilo-omu 2.2 na omu 390 zikifuatana kwa volti 6; kilo-omu 1.6 kwa volti 9 kasoro kidogo. Swichi ikiachia, ikiingia vumbi au waya wake ukikatika, mguu unaona volti zote zinazotoka, na aisii inapunguza hadi 1.23. Kifaa kitakosa umeme, lakini hakitaungua.

Tumeongeza mambo matatu. Fyuzi inakaa karibu na betri. Rezista ya omu 470 kwenye njia ya kutolea umeme humaliza haraka chaji iliyobaki katika kapasita, unaposhusha kutoka 9 kwenda 3. Na kila waya wa kifaa umeandikwa volti zake kwa rangi. Kanuni tunayowafundisha watumiaji ni hii: chagua volti kwanza, hesabu hadi tano, ndipo uchomeke kifaa.

Ndugu zetu, kupima kifaa kikiwa kizima hakutoshi. Tujiulize pia: kikiharibika, kitaharibikia upande gani? Kivute waya mmoja mmoja wa swichi kikiwa mezani, uangalie mita. Vifaa hivi ni amana tuliyokabidhiwa, na mama anayesubiri kwenye benchi hajui lolote juu ya rezista. Ametuamini.