KUTAMBUA UGONJWA WA VIRUSI KATIKA MABOGA MAKUBWA

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Tangu nilipowasili, wengi mmeniuliza juu ya picha za maboga ninayolima nyuma ya nyumba yangu huko Nova Scotia, Kanada, na si wachache mlioniomba mbegu. Sikuleta hata punje moja. Msinidhanie mchoyo. Sababu iliyonizuia ndiyo mada yangu ya leo, nayo inawahusu hata wale ambao hawatalima boga maishani mwao.

Kwanza tulifahamu boga lenyewe. Maboga makubwa ya mashindano ni ya aina iitwayo Cucurbita maxima, yenye asili yake Amerika ya Kusini. Mbegu nyingi zinazotumika leo zinatokana na ukoo ulioendelezwa na mkulima mmoja wa Windsor, katika jimbo hilo hilo la Nova Scotia, aitwaye Howard Dill. Yeye alishinda mashindano ya dunia miaka 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Siku zile boga la kilo 200 lilikuwa ajabu. Mwaka 2023, huko Half Moon Bay, California, Travis Gienger alipimiwa boga la kilo 1,247, yaani zaidi ya magunia 12 ya mahindi katika tunda moja.

Mkulima huotesha mbegu ndani ya nyumba mwezi wa Aprili, kwa sababu nje bado ni baridi. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni huhamishia mche bustanini. Julai huchavusha ua kwa mkono wake, huacha tunda moja tu kwenye mmea na kuondoa mengine yote. Wakati wa kukua sana, tunda hilo laweza kuongezeka kilo 15 hata 20 kwa siku moja. Chakula chote hicho hupikwa na majani. Mwezi wa Oktoba ndipo mizani huamua. Kwa hiyo mkulima ana mmea mmoja, tunda moja na msimu mmoja. Jani likiugua, hana pa kukimbilia.

Sasa tuje kwenye virusi. Kirusi si mdudu wala si ukungu. Ni kitu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini ya maabara yetu ya shule, na hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie ndani ya chembe hai. Kikiisha kuingia katika boga, huenea mmea mzima kupitia njia zile zile zinazosafirisha chakula. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayokitoa humo. Hili nawaomba mlishike, maana mengine yote yanatokana nalo.

Virusi vya maboga ni vingi. Vipo vya batobato ya tikiti maji. Vipo vya batobato ya manjano, vilivyogunduliwa Italia mwaka 1973 na ambavyo sasa vimeenea katika mabara mengi. Vipo vya batobato ya matango, ambavyo hushambulia mimea ya aina zaidi ya 1,000, yakiwamo magugu. Hivi vyote huchukuliwa na vidukari, ambao wakulima wengine huwaita wadudu mafuta. Kidukari huonja jani lenye ugonjwa kwa muda wa sekunde chache tu, kisha huruka na kuonja jani zima, na kazi imekwisha. Ndiyo maana dawa ya kuua wadudu mara nyingi huchelewa: kidukari atakufa kweli, lakini atakufa akiwa amekwisha kuambukiza. Vipo pia virusi vingine vya batobato vinavyoenezwa na mbawakavu wanaotafuna majani, na hivi vina tabia mbaya zaidi, kwa kuwa husafiri ndani ya mbegu.

Je, tutautambuaje ugonjwa huu? Nitataja dalili tano.

Ya kwanza, tazameni ncha ya shina. Virusi hujionyesha katika majani machanga yanayochipuka baada ya maambukizo, wakati majani ya zamani huweza kubaki mazuri kabisa. Ya pili, jani changa huwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, yasiyo na mpango, kama kitambaa kilichotiwa rangi na mtu asiyejua. Ya tatu, sehemu za kijani kibichi huvimba kama malengelenge. Ya nne, jani hupoteza upana wake. Hukatika-katika pembeni na kuwa jembamba, na likizidi hubaki kama kamba. Pamoja na hayo pingili za shina hufupika. Ya tano, tunda huota vinundu na rangi yake huharibika. Lakini anayengoja dalili ya tano amekwisha kuchelewa.

Ndugu zangu, mambo yangekuwa rahisi kama dalili hizi zingekuwa za virusi peke yake. Yapo mambo yanayofanana nazo, na watu wameng'oa mimea mizima kwa kudanganywa na macho.

Boga likikosa madini ya magnesiamu, jani huwa la manjano katikati ya mishipa na mishipa yenyewe hubaki kijani. Lakini hapo huanza majani ya zamani, si machanga. Utitiri huacha vidoa vidogo vidogo kama vumbi. Geuzeni jani, mtaona utando chini yake. Ubwiri unga huleta weupe, ila huo ukiupangusa kwa kidole unatoka. Vidukari wenyewe, wakiwa wengi, huweza kukunja jani kwa kulinyonya tu bila kuleta kirusi chochote. Na maboga mengi ya kwetu huku yana madoa meupe kwenye pembe za mishipa tangu kuumbwa kwake. Hiyo ni sura yake, wala si maradhi.

Mdanganyifu mkubwa kuliko wote ni dawa ya kuua magugu. Upepo ukiileta kutoka shamba la jirani, au ikiwa imo katika samadi ya ng'ombe waliokula majani yaliyopuliziwa, jani la boga hujikunja na kuwa jembamba kama kamba, sawasawa na jani lenye virusi. Tutatofautishaje? Tuulize maswali matatu. Je, mimea yote imeugua siku moja, au ulianza mmoja ndipo ukafuata mwingine? Dawa hupiga pamoja, virusi hutambaa. Je, nyanya zilizo karibu nazo zimejikunja vivyo hivyo? Dawa haichagui ukoo. Na swali la tatu ndilo kubwa: majani yanayofuata yakoje?

Hapa nawapa vijana kazi rahisi isiyohitaji fedha. Fungeni uzi kwenye shina, karibu na ncha, siku ile mnapoona dalili. Andikeni tarehe katika daftari, na mkiwa na simu pigeni picha. Baada ya siku 5 hadi 7 tazameni majani yaliyochipuka mbele ya uzi. Kama dawa ilipita mara moja tu kwa upepo, majani mapya huanza kurudia umbo lake. Kama ni virusi, majani mapya yatakuwa na mabaka yale yale au yatazidi. Mmea wa jirani nao utazameni kila siku. Lakini wakati wa kungoja, msiguse mmea mzima baada ya kugusa ule mnaoutilia shaka. Anzeni kazi kwa mimea mizima, mmalizie kwa mgonjwa, kisha noeni mikono na visu kwa sabuni.

Jicho hushuku, kipimo huthibitisha. Siku hizi vipo vijikaratasi vya kupimia. Husaga kipande kidogo cha jani changa katika maji maalumu, hutumbukiza kijikaratasi, na baada ya dakika chache mistari hutokea. Lakini jihadharini: kila kijikaratasi hujua kirusi chake tu. Kikisema hapana, maana yake si kirusi hicho. Haina maana kwamba mmea ni mzima. Maabara ya kilimo huweza kupima virusi vingi zaidi. Mkipeleka jani, pelekeni changa lenye dalili, lisiwe limelowa, na pelekeni pamoja nalo jani la mmea mzima ili wapate kulinganisha.

Ikiisha kuthibitika, ndipo huja uamuzi mgumu. Fikirini mtu mwenye boga la kilo 300 mwezi wa Agosti, ambalo bado linaongezeka kila usiku. Ncha moja tu imeonyesha mabaka. Moyo humwambia akate ile ncha na kunyamaza. Kukata ncha hakuponyi, kwa sababu ugonjwa umekwisha kupita ndani ya shina. Na kila siku mmea huo unapobaki, vidukari hutoka hapo kwenda kwa jirani. Mimi nasema ung'olewe, ufungwe katika mfuko au ufukiwe, na magugu yaliyouzunguka yang'olewe nao. Wapo wakulima hodari wasiokubaliana nami, hasa zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mizani na bustani ikiwa mbali na nyingine. Nafahamu hoja yao. Lakini hata wao tunapatana jambo moja: mbegu za boga hilo zisitoke nje ya uzio.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wakulima wa maboga makubwa ni watu wakarimu. Mbegu huenda kwa barua kutoka nchi hata nchi, mara nyingi bure, na jina la boga mama limeandikwa juu ya bahasha. Lakini bahasha haiandikwi ugonjwa. Aliyepewa hana njia ya kujua ila kwa ukweli wa aliyempa. Mwaka jana baadhi ya mimea yangu ilionyesha mabaka mwishoni mwa msimu, na sikuwahi kupima yote. Ningewezaje kuwaletea mbegu zake? Tena sheria inataka mbegu ivukayo mpaka iwe na cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho si usumbufu wa makarani. Ni uzio wa nchi nzima.

Na sisi hatuhitaji kwenda Kanada kujifunza hili. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka Usambara. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani, aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao majani yake huweza kuonekana ya kuridhisha wakati mizizi inaoza chini. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliharibu mashamba ya Uganda na kuenea hadi nchi jirani. Inzi weupe walichangia, lakini mkono wa binadamu nao ulichangia: pingili zilizofungwa kwa kamba na kupewa shemeji au rafiki kwa nia njema kabisa. Mkarimu asiyechunguza humpa mwenzake njaa akidhani amempa chakula.

Kwa hiyo nyinyi vijana wa somo la kilimo, maboga ya hapa hapa yanawatosha. Chukueni mbegu za mmea mliouona kwa macho yenu tangu kuchipua hadi kuvuna, wenye majani yasiyo na shaka. Kila mtu na awe na uzi wake na daftari lake. Atakayeniandikia kunieleza ameona nini mbele ya uzi, nitamjibu.